Pale Santuri Ilipokwama

Nianze na shemeji yangu, maana nikianza na mume wangu nitalia na hamtasikia kitu.

Shemeji ni mdogo wake mume wangu, karani mstaafu, mtu mwema mwenye kasoro moja tu: hawezi kuona kitu kibovu akakiacha na ubovu wake. Ofisi yao ilipobadilisha vifaa, aliokota kompyuta iliyokuwa inatupwa, ile ya zamani yenye kioo cha mgongo mkubwa, na miaka yote hii anaitunza kama mgonjwa wa familia. Feni yake ya ndani ilikufa zamani. Alipoileta kwangu, kitu cha kwanza alichoomba ni feni yangu ya mezani, akaielekeza kwenye kasha lake lililo wazi ubavuni. Mimi niko kwenye cherehani jasho linanitiririka, kompyuta inapepewa. Nikamwambia, "Shemeji, huyu mke wako mdogo unamdekeza kuliko mkubwa." Akacheka, akasema ujuzi hauzeeki.

Sasa mume wangu. Alikuwa mpiga tarumbeta, na bendi nzima ilimwita Mapafu, kwa jinsi alivyoweza kuishikilia sauti moja mpaka wachezaji wakabaki mguu juu wakimsubiri. Siku hizi anakaa kwenye kiti karibu na dirisha, blanketi magotini hata kukiwa na joto. Ugonjwa wa kusahau ulimwanzia kwenye funguo, ukahamia kwenye majina ya watoto, mwisho ukanifikia mimi. Asubuhi namwogesha, namvisha, namnywesha chai, na akimaliza ananiambia, "Ahsante sana, dada. Mwenye nyumba hii kapata mfanyakazi hodari." Namjibu kwamba hodari yupo, ila mshahara hauonekani. Anasikitika kwa ajili yangu kwa dhati kabisa.

Palikuwa na mahali pamoja tu aliponijua, na hapo mahali palikuwa ndani ya santuri.

Ni wimbo wa bendi yao, na katikati yeye ndiye anayeingia na tarumbeta. Siku alipoileta ile santuri nyumbani, ndoa yetu ikiwa bado mbichi, aliicheza mpaka akaipiga teke meza ya gramafoni, sindano ikachora. Tangu siku hiyo tarumbeta ikiingia tu inakwama: sauti mbili zilezile, zinarudi na kurudi. Mapafu akaapa kwamba mkono wake mzito hautaigusa tena, asije akamalizia alichoanza. Kuikwamua ikawa kazi yangu. Nikiwa kwenye cherehani, nikiwa jikoni, nikiwa nje naanika nguo, namsikia: "Mwenzangu, imekwama." Naja, nausukuma kidogo mkono wa gramafoni kwa kidole kimoja, wimbo unaendelea. Tumezaa, tumelea, tumegombana na kupatana, na kidole changu hakijawahi kupumzika.

Basi ugonjwa ulikula kila kitu, hilo ukaliacha. Kila alasiri niliuweka ule wimbo na kurudi chumba cha pili kwenye cherehani yangu, nasubiri. Tarumbeta inakwama. Naisikia sauti yake, ileile ya ujana, "Mwenzangu, imekwama." Naingia, naigusa, ananitazama na kunitabasamia mimi. Si dada, si mfanyakazi. Mpaka wimbo unapokwisha nina mume. Ukiisha, anaondoka tena huku amekaa palepale. Nilishukuru kwa hicho kidogo, maana kidogo si haba.

Lakini gramafoni ilikuwa inazeeka kutushinda sote. Mwendo wake ulianza kulegea, waimbaji wakawa kama watu wenye usingizi. Sindano ilikwisha makali ikawa inaila santuri yenyewe. Fundi redio aliitazama, akaitazama tena, akaniambia, "Mama, hii inaishi kwa huruma ya Mungu. Sindano zake sizioni popote." Niliingiwa na hofu ambayo sikumwambia mtu. Niliona siku itakayokufa ile mashine nitakuwa mjane, na mume wangu yuko kitini ananywa chai. Ndiyo nikamwita shemeji. Sikushauriwa na mtu, nilimwita kwa mdomo wangu.

Alivuta waya kutoka gramafoni hadi nyuma ya kompyuta, akaanza kuhamisha santuri zote za nyumba moja baada ya nyingine. Ile yetu aliiweka mwisho. Kwenye kioo mstari wa kijani ulikuwa unatetemeka. Tarumbeta ikaingia, ikakwama, Mapafu akaita, nikaja nikaigusa. Wimbo ulipokwisha nikamuuliza shemeji kama sauti ya kaka yake nayo imeingia. "Hapana, shemeji, waya unachukua santuri tu. Ya chumbani hauyasikii." Nikaona si neno. Sauti yake si ninayo hapa nyumbani, nikajiambia.

Siku zilizofuata alikuja kila asubuhi, anavaa vile vya kusikilizia masikioni, anainamia kioo. Nilidhani bado ananakili. Nikimuuliza anasema subira yavuta heri. Alitaka kunifurahisha, na hii ndiyo shida ya watu wema, hawakuulizi.

Alasiri moja akatuita. Alinikalisha kiti cha karibu na Mapafu, akabonyeza. Wimbo ukatoka safi, hauna mikwaruzo wala ule mvumo wa vumbi, kila ngoma na mahali pake. Nilikuwa nimeinuka nusu, kidole tayari. Tarumbeta ikaingia, ikapita. Ikaenda moja kwa moja hadi mwisho kama haijawahi kukanyaga nyumba yetu. Mapafu alisikiliza kwa adabu, kama mtu aliye kwenye foleni ya ofisi. Ulipokwisha akasema, "Bendi nzuri hii. Ni kina nani?"

Nikamgeukia shemeji. "Umeifanya nini?"

"Nimeikwamua, shemeji," akasema, uso umemng'aa. "Moja kwa moja. Hutahangaika tena kuinuka."

Alikuwa amemsikia kaka yake akiita siku ile. Alidhani analalamika.

Nilimweleza. Nilipofika katikati ya maelezo uso wake ulikuwa umeshabadilika. Nikamwambia basi, yaishe, aniwekee ile ya mwanzo kabla hajaisafisha. Kompyuta ile kongwe haina nafasi, akasema, na ili nyimbo safi zitoshe ilibidi afute zile chafu. Nikasema hewala, santuri yenyewe si ipo, naiweka mwenyewe kwenye gramafoni yangu na tusahau habari za kompyuta. Iko wapi?

Ilikuwa juu ya kasha la kompyuta, pamoja na wenzake. Alizipanga hapo ili mtu asije akazikalia. Na kasha lilikuwa la moto kama pasi, maana feni nilikuwa nimeigeuzia Mapafu tangu asubuhi, joto lilikuwa limemzidi.

Nilipoitoa kwenye jalada lake ilikuwa imepinda kama ukingo wa kofia. Hata hivyo niliiweka. Sindano ikapanda, ikashuka, ikaruka, ikanguruma. Mapafu akaziba masikio kwa viganja vyote viwili.

Nilimtukana shemeji. Nina mdomo, kila mtu anajua, lakini siku ile hata mimi niliusikia na kuushangaa. Nilimwambia kwamba mikono yake haijawahi kuponya kitu, kwamba kaka yake alikuwa na tone moja la uhai na yeye amelipangusa kwa kitambaa. Alikaa chini, mzee mzima mwenye mvi, akalia. Ni kaka yake, hakuna mwingine. Majuto ni mjukuu, wanasema, na siku hiyo tulikuwa na wajukuu nyumba nzima.

Kisha akafuta uso, akasema, "Nipe mpaka kesho. Nitaikwamisha mwenyewe."

Kesho yake alasiri akaniambia iko tayari. Alikuwa amezikata zile sauti mbili za tarumbeta na kuzirudisha, mara nyingi kadiri alivyoweza, palepale zilipokuwa zikikwama; nikifika, yeye angebonyeza wimbo uendelee. Nikaenda chumba cha pili, nikakaa kwenye cherehani kama kawaida, mguu kwenye kanyagio lakini sikanyagi. Ngoma. Waimbaji. Tarumbeta ikaingia, na ikakwama.

"Mwenzangu," ikaja ile sauti. "Imekwama."

Sikumbuki nilivyoinuka. Niliingia mbio na kidole changu mbele, nikafika, na hapakuwa na cha kugusa. Gramafoni ilikuwa imeondolewa mezani kupisha nyaya. Nilisimama mbele ya kioo na kidole kimeninyooka, nikakigusa kioo, na zile sauti mbili zikaendelea. Shemeji alikuwa anabonyeza huku na huku, anahema. Kompyuta nayo ilikuwa imeganda, na tarumbeta ya mume wangu imeng'ang'ania mle ndani.

Mapafu alinitazama, akakitazama kidole changu. Hakukasirika.

"Acha, dada, usije ukaiharibu," akasema. "Kamwite mke wangu. Yeye ndiye anayejua kuigusa."

Nikatoka. Nilisimama kwenye cherehani yangu, nikafuta uso kwa kitambaa cha mteja ambacho hakijashonwa. Nikafunga kilemba upya, nikanyoosha gauni. Wazo langu lilikuwa la kijinga, kwamba nikiingia tena, nikiingia kama anayeitwa, ataona. Shemeji alikuwa ameshachomoa waya ukutani, na chumba kilikuwa kimya kabisa nilipoingia.

Mapafu alikuwa ameuelekea mlango. Alinitazama, kisha akatazama nyuma yangu.

"Hukumpata?"

"Sijampata," nikasema.

Akatikisa kichwa taratibu, akavuta blanketi lake, akanionyesha kiti cha pembeni yake.

"Basi kaa, dada," akasema. "Tumsubiri."

Nikakaa.