Ushauri kwa Wasafiri

Kila Jumatatu asubuhi, kabla Seline hajamaliza kupiga deki ofisi ya daktari wa wasafiri jijini Nairobi, mbu waliingia kwa dirisha wakatua kwenye ramani ya Kenya iliyobandikwa ukutani. Walipotua wengi, ndipo homa ilipokuwa kali wiki hiyo. Daktari Muigai alikunywa chai, akaitazama ramani, kisha akawaita watalii mmoja mmoja na kuwaambia wasiende wapi bila vidonge na neti.

Seline alipanga chumba mtaa wa Lindi, huko Kibera, pamoja na bintiye Aoko wa miaka saba. Agosti 1978, shule zilipofungwa, Aoko alikuwa aende kwa nyanyake, karibu na ziwa ambalo hajawahi kuliona. Jumatatu hiyo mbu walijaa upande wa ziwa mpaka jina la Kisumu halikusomeka.

"Daktari, mtoto wangu anaenda huko kesho," Seline alisema.

"Nyinyi ni watu wa huko, Mama Aoko. Damu yenu imezoea."

"Huyu amezaliwa hapa Nairobi."

"Vidonge ni vya wageni," daktari alisema kwa upole, akamwita Mjerumani aliyefuata.

Daktari alikuwa amesomea ng'ambo. Seline alimwamini, akampandisha Aoko basi. Walimzika hukohuko kabla shule hazijafunguliwa.

Seline aliporudi kazini, Aoko aliingia ofisini akaketi kati ya watalii, miguu imejaa mchanga wa ziwa. Seline alimfunga kifungo cha gauni kilichofunguka mgongoni.

"Umekula?"

"Siku hizi sisikii njaa, Mama."

Zamu ya Aoko ilipofika, daktari alimweleza yote: alale ndani ya neti, jioni avae mikono mirefu, aanze vidonge wiki moja kabla ya safari. Aoko alisikiliza vizuri.

"Lakini mimi nimesharudi," alisema.

"Basi ukumbuke safari ingine," daktari alijibu, akamwita mwingine.

Baada ya Krismasi walikuja watoto wengine, wa Kibera na wa Kawangware, kila mmoja na udongo wa kijiji alikozikwa miguuni. Watalii wakalalamika kwamba hawana pa kukaa. Ofisi ikanunua benchi refu, likawekwa nje kwenye korido, na Seline akaambiwa awe analipanguza. Aoko alijisogeza mpaka mwisho wa benchi, wenzake wapate nafasi.