Nobu ya Pili ya Nestory

"Kuku wangu hawatagi, Nestory! Tangu Jumatatu, kwa kelele za kinanda chako, wamejiinamia kama wafiwa!"

"Kuku wako wamezeeka, Mwalimu. Usinisingizie."

Benadeta akashika kiuno, upande wake wa ua. Huyu ndiye mwalimu wa kwaya ya kigango, na akifoka hapa Ndama wanamsikia mpaka kijiji cha Chonyonyo, kwa hiyo majirani walikwisha kusogea na vigoda vyao. Nestory, fundi redio, alikuwa amepakata kinanda alichokiunda kwa miezi minne: kasha la mbao, nyaya zinaning'inia nje kama utumbo, na nobu moja kubwa ya kuzungusha, ya kupeleka sauti kutoka nzito hadi nyembamba. Alitaka kitu kimoja tu, kipigwe kanisani Jumapili. Na mwenye ruhusa ni huyu huyu anayemfokea.

"Haya, nipe hii," akasema Benadeta, akaimba do.

Nestory akazungusha nobu. Kinanda kikanguruma kama fahali. Akaigusa tena, unywele tu, kikalia kama mbu. Watu hoi kwa kicheko.

"Umezibana sauti zote kwenye nobu moja, utaipataje do? Hata mimi simwagi mfuko mzima wa chumvi chunguni. Natia kidogo, naonja, naongeza."

Mwalimu alikuwa amesema kweli. Nestory akaingia ndani kulehemu, na baada ya saa moja akatoka na nobu ya pili, ndogo kama kizibo cha soda. Hakuna aliyekuwa ameondoka.

"Kubwa inakufikisha kijijini Rugu, ndogo inakutafutia nyumba," akajigamba. "Uizungushe mpaka mwisho, sauti inasogea hatua moja tu."

Do ikapatikana, ikatulia. Benadeta hakucheka. "Hata kinanda cha parokia kilikuwa na do nzuri. Tukakirudisha."

Sababu ilijulikana kijiji kizima, ila nani aitaje? Bibi Anonciata, anayeongoza sauti ya kwanza tangu kigango kijengwe, huanza wimbo juu, kisha kila ubeti anateremka kidogo, na kwaya nzima inateremka naye kwa heshima. Kinanda cha parokia kilibaki kule kule juu. Kilimuumbua bibi wa watu mbele ya padri mpaka akalia.

Nestory akamgeukia bibi mwenyewe, aliyekuwa mkekani na wambea wenzake.

"Shikamoo, Bibi. Hebu tuimbie."

"Marahaba, mjukuu."

Akaimba. Ubeti wa pili akaanza kuteremka, na vidole vya Nestory vikateremka naye kwenye nobu ndogo, polepole, bila kumkwaza. Ubeti wa nne wakatua pamoja.

"Mmesikia?" akashangilia Bibi. "Leo sijashuka hata chembe!"

Watu wakakodolea macho miguu yao wenyewe. Benadeta akajifuta jicho kwa ncha ya kitenge.

"Jumapili saa moja na nusu, usichelewe," akamwambia Nestory. "Sasa mshike Bibi mkono, mpite huku. Ndizi zimeiva, ingieni tule."