Vitanda Vitupu vya Kambini

Mganga mfawidhi aliisoma barua akiwa amesimama, kama mtu anayetaka kuondoka kabla hajaulizwa swali. Jengo jipya la wodi ya wazazi, lililokuwa limefika usawa wa linta, halitaendelea. Fedha zake zimehamishiwa ulinzi kutokana na hali ya mpakani.

"Hali ya mpakani," alirudia mkunga mkuu. "Na hali ya humu ndani kaiona nani?"

Wauguzi walimwita Sista Pilipili, na si kwa mapenzi tu. Wodi yake ilikuwa na vitanda vinane. Asubuhi ile ilikuwa na wazazi ishirini na mmoja. Wengine walilala mzungu wa nne, waliobaki walikuwa sakafuni, na kupita katikati yao ilibidi uinue mguu kama unayevuka mfereji.

Jumamosi yake akaenda kumwona wifi yake aliyekuwa amejifungua hospitali ya kambini. Mume wa wifi, mdogo wake wa tumbo moja, alikuwa meja na mkuu wa kambi hiyo. Chumba kilinukia rangi mpya. Vitanda kumi na viwili, mashuka yamenyooshwa utadhani yamepigwa pasi yakiwa hapohapo, na mzazi mmoja tu.

"Wenzako wako wapi, wifi?"

"Wenzangu gani? Hapa ni wake wa maofisa tu. Kwa mwezi tunazaa watatu, tukizidi wanne."

Alimrudisha mtoto mikononi mwa mama yake, akatoka. Meja akamfuata hadi langoni.

"Mbona umenuna? Umepata mtoto wa kukuita shangazi, hata hongera hakuna?"

"Hongera. Ila nimeviona vitanda."

"Dada, usianze."

"Mmekula wodi yangu."

Meja akasimama. "Mwezi uliopita nimezika vijana saba. Walikuwa kwenye gari ambalo risasi inapita kama sindano kwenye kitambaa. Nikawaambie mama zao kwamba fedha za magari tulijengea wodi?"

"Na mimi wangu niwaambieje? Mwezi huohuo nimepoteza wanne. Hakuna aliyewapigia tarumbeta."

"Wako hawakupigwa risasi."

"Ndiyo maana hamuwahesabu."

Waliachana bila kuagana.

Jumanne, fundi cherehani mmoja, mama wa watoto wawili, alianza kutokwa damu kwenye kona ya mbali ya wodi. Muuguzi alimkimbilia akiruka miguu ya watu na kukanyaga vidole vyao. Alipofika, mama yule alikuwa hamsikii tena mtu yeyote.

Sista Pilipili alimfumba macho, akanawa mikono, akatoka nje kumwambia dereva, "Leta gari hapa mlangoni."

"Unakwenda wapi?" mganga mfawidhi alimuuliza.

"Kutafuta vitanda."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Andika yangu."

Walipakia magodoro nyuma ya pikapu, na juu yake wanawake watano wenye uchungu. Kwenye lango la kambi koplo wa zamu aliwasimamisha, bunduki kifuani.

"Raia hawaruhusiwi, mama."

"Walio tumboni hawana uraia bado. Tupishe."

Koplo hakucheka. Alipiga simu, na Meja akaja kwa miguu, uso umemvimba kwa hasira.

"Umeniletea maandamano?"

"Nimekuletea uchungu. Wa kwako sijui uliusahau wapi."

"Unanidhalilisha mbele ya askari wangu! Nikifungua leo, kesho watakuja mia. Hii ni hospitali ya majeruhi. Vita vikisogea nitawalaza wapi?"

"Vikisogea utawatoa hawa. Leo vitanda vimelaliwa na nani?"

Meja alimgeukia dereva. "Rudisha gari."

Dereva alishika usukani. Sista Pilipili akapenyeza mkono dirishani, akauchomoa ufunguo na kuutia kifuani. Kisha akapanda nyuma, maana mmoja wa wale wanawake alikuwa ameshaanza kusukuma. Mtoto alizaliwa palepale juani, askari wakiwa wamegeuza nyuso. Alilia. Wa pili naye akaanza kupiga kelele.

"Afande," alisema koplo.

"Nyamaza."

"Afande, mke wangu atajifungulia kwa huyu mama mwezi ujao. Hapa kwetu si mmesema ni maofisa tu?"

Meja alimtazama koplo. Walinzi wengine wawili walikuwa wamekaza macho chini. Mwishowe alimwambia dada yake, sauti chini, "Watano tu. Wewe huingii. Na kuanzia leo huna ndugu humu."

Sista Pilipili akamtupia dereva ufunguo. Akashuka, damu hadi viwikoni, akabaki nje ya lango huku gari likiingia.

Wanawake wote watano walipona. Mtoto mmoja hakupona. Wiki hiyo Sista Pilipili alipewa barua ya kusimamishwa kazi. Meja naye akaitwa na wakubwa zake, akanyang'anywa kambi na kupangiwa mpakani.

Siku ya kuondoka alipita kwa dada yake, akamkuta uani anafua. Hakukaribishwa kiti.

"Nimekuja kuaga."

"Umekuja kulaumu."

"Vyote viwili. Umeniharibia kazi ya miaka kumi na sita."

"Yangu ishirini na nne. Nikupe pole au unipe wewe?"

Dada yake alikamua shuka kwa nguvu zote, akalitandaza kwenye kamba, akawa nyuma ya shuka. Alitaka kumwambia ajilinde. Alipolisogeza shuka, uani hapakuwa na mtu, na geti lilikuwa limeachwa wazi.