Siki Juu ya Graniti

"Usimwache Insaf aguse kitu humu," Hajati Fikriya alimnong'oneza mpishi siku ya hina, na kunong'ona kwake hakujawahi kuwa siri kwa jirani yeyote. Insaf ni mimi. Jiko lilikuwa la Rihab, binti wa marehemu dada yangu, niliyemlea tangu ana miaka minne. Kaunta ile ya graniti nyeusi niliinunua mimi, nikauza bangili zangu zote. Na Hajati ndiye aliyekuwa akimwoza mwanawe Muntasir kwa Rihab wangu.

Yalianza wiki moja nyuma, wanawake walipokuja kutazama nyumba ya bi harusi. Mji wetu wote wa Damanhur, huku Misri, unafanya hivyo: wanafungua makabati, wanabonyeza magodoro, wanahesabu masufuria. Mimi nikapitisha kiganja juu ya jiwe, nikasema kwa furaha, "Jamani, hapa mtu anaweza kujitazama akajipaka wanja!" Sikusema Mashallah. Nilikuwa najisifia zawadi yangu mwenyewe, ningelihusudu vipi?

Kesho yake jiwe likapiga ukungu.

Rihab alikuwa ameliosha kwa sabuni tele baada ya wageni kuondoka, asilisuuze. Ulikuwa utando wa sabuni tu. Maji safi, kitambaa na spiriti kidogo vingeumaliza. Lakini Hajati alikuwa ameshahukumu: mwanamke hana mume, hana mtoto, kasifu bila kumtaja Mungu. Jicho la husuda hilo! Akaja na chumvi na siki, akasugua huku akisoma dua. Siki ikala mng'ao, chumvi ikakwaruza, ukungu ukazidi. Akaongeza siki. Kadiri jiwe lilivyopauka ndivyo jicho langu lilivyozidi kuwa kali, hadi muuza mkate akawa ananipa chenji bila kuniangalia.

Wahenga husema mchawi mpe mwana alee. Mimi mwana nilishamlea! Nilikataa wachumba wawili kwa sababu hawakumtaka yeye ndani ya nyumba. Iliniuma, sitaki kusema uongo. Iliniuma mpaka nikashindwa kula.

Kwangu nilikuwa na kile kipande cha graniti walichokitoa mafundi walipokata tundu la sinki, nakitumia kuwekea sufuria za moto. Nikakimwagia siki, nikakiacha mpaka asubuhi. Kikafa mng'ao, palepale siki ilipogusa. Nikakifunga kwa taulo, nikakibeba mabegani kama mchukuzi wa sokoni mpaka kwa Hajati. Rihab naye alikuwepo.

"Tazama, Hajati. Ni siki. Hili nalo nimelipiga jicho?"

Hajati akarudi nyuma, mkono kifuani. "Ya Rabi! Hata la kwako mwenyewe? Insaf, mwenzangu, katafute kisomo, utajimaliza!"

Nikamgeukia Rihab. Alikuwa akikunja leso, anaikunjua, anaikunja tena.

Harusini waliniketisha meza ya mwisho, karibu na mlango wa choo. Nilikula, nikapiga vigelegele, nikarudi nyumbani.

Miezi ikapita ndipo Rihab akanipigia, sauti imechangamka. "Mama mdogo, limerudi! Fundi kaja na mashine, kalisugua upya. Linang'aa kuliko mwanzo!"

"Kasema ni nini?"

"Siki. Kasema tusiweke tena siki wala ndimu."

Nikacheka kwa sauti, peke yangu sebuleni. "Alhamdulillahi! Umemwambia mkweo?"

Nilisikia bomba likifunguliwa, likafungwa.

"Yeye anasema limepona kwa kuwa hujaja hapa tangu harusi."

"Na wewe ukamjibu nini?"

"Mama mdogo, unamjua alivyo. Na mimi nina mimba, sitaki ugomvi. Muntasir hamkatalii mama yake. Nimemwacha na lake." Akavuta pumzi. "Basi, usije kwanza. Mpaka nijifungue. Mimi mwenyewe najua ni siki, wallahi najua."

Nikamwambia sawa, mwanangu. Ningesema nini? Anajua, nikajiambia, ya wengine hayanihusu. Nikakaa nafuma kofia ya sufu ya mtoto, nangojea.

Alijifungua msichana mwezi wa Shaabani. Picha ikaingia kwenye simu: kanga laini ya manjano, ngumi mbili ndogo, na usoni pa mtoto kibandiko cha simu cha ua jekundu, kimemfunika kuanzia paji hadi kidevu. Nikampigia nikacheka, nikamwambia, "Hajati huyo, kamficha mtoto na jicho langu, hakomi!"

"Hapana, mama mdogo," Rihab akasema taratibu. "Nimeliweka mimi."