Jiko la Hooyo Ramlo

Toka Garissa mpaka Wajir, na toka Wajir mpaka Elwak, Khalif hakufunga mdomo. Dada yake Ebla alikuwa ameegemeza kichwa kwenye dirisha la gari walilokodi, akijifanya amelala, lakini nani angelala? Khalif alikuwa ameishi Marekani miaka mingi, na kila mgunga walioupita ulimkumbusha jambo. Mara mpira wa matambara waliocheza nyuma ya msikiti. Mara kulala nje mkekani wakihesabu nyota. Mara anjera za mama, zile chapati laini za unga uliochachuliwa, zilizonukia moshi. Akaapa kwamba huko alikokuwa hajapata kula kitu kitamu kama hicho.

Ebla naye alikuwa na kumbukumbu zake za Elwak, ila zake zilijaa madumu ya maji. Khalif alipokuwa akifukuza mpira, nani alikuwa akimswaga punda toka kisimani? Akayameza maneno. Ugomvi wa safarini hauna pa kukimbilia.

Kilichompeleka Ebla Elwak safari hii kilikuwa jiko. Mama yao, Hooyo Ramlo, bado alipikia kuni katika kibanda cha udongo kisicho na dirisha. Ebla alikuwa amembembeleza mwaka mzima ndipo akakubali kivunjwe, lijengwe jiko la matofali lenye gesi na bomba. Walipofika, fundi Mahat alikuwa tayari uani na sururu yake.

Khalif akashuka, akasalimu, akambusu mama kichwani. Alipoambiwa sururu ile ilikuwa ya kazi gani, akaenda kusimama mlangoni pa kibanda kama askari wa kizuizi cha barabarani. Akasema utoto wao wote umo humo ndani, na ukishabomolewa haujengeki tena. Fundi akaiweka sururu chini, akaomba chai.

"Mwache kwanza," mama akamwambia Ebla kwa sauti ya chini. "Ni mgeni."

Ebla alihisi damu ikimpanda. Maneno ya mwaka mzima yalikuwa yamefutwa na mgeni wa nusu saa.

"Sawa," akasema. "Kama utoto umo humo, kesho asubuhi aingie autafute. Anjera atapika yeye."

Alitumaini moshi ungemshinda. Haukumshinda. Asubuhi Khalif aliwasha kuni, akatoka macho mekundu, akarudi, akatoka tena. Anjera ya kwanza ikaungua, ya pili ikararuka, na ya tatu akaileta kwenye sahani akitembea kama bwana harusi, akatangaza kuwa ndiyo ile ile ya zamani. Akaipiga picha awatumie rafiki zake. Ebla akatafuna kipande chenye masizi huku akitazama juu, maana hapa chini hakuwa na wa kumlalamikia.

Mama, kwa furaha ya mwanawe, akainuka, akaingia kibandani kuumaliza unga uliobaki. Ndipo kikohozi kilipoanza. Hakikuwa cha kusafisha koo. Kilivuta, kikakaa, kikaachia, kikavuta tena. Khalif akatania kidogo, halafu akaiweka sahani chini. Akaenda mlangoni. Mama alikuwa ameshika ukuta kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili bado anashughulika na chungu.

"Ameanza lini kukohoa hivi?" akamwuliza Ebla.

"Tangu tukiwa wadogo. Wewe ulikuwa nje unacheza mpira."

Hakuwa amekusudia ukali, ila ndivyo yalivyotoka. Khalif akaingia kibandani. Akamtoa mama nje, akamkalisha kwenye kiti, akampigia Mahat simu. Fundi alipofika, Khalif ndiye aliyepiga sururu ya kwanza, tena vibaya, hata Mahat akamnyang'anya asije akajikata mguu.

Kabla ya adhuhuri kibanda kilikuwa lundo la udongo na miti myeusi. Ebla akashusha pumzi. Alipogeuka amwonyeshe mama mahali gesi itakapokaa, akamkuta anajifuta macho kwa ncha ya shela.

"Hooyo, na wewe tena?"

"Niliwalea mle," mama akasema. "Acha nilie kidogo, kisha unionyeshe hiyo gesi yako."

Jua lilikuwa kali, Mahat alikuwa anasubiri vipimo, na Khalif, ungetegemea nini, alikuwa ameanza kulia pia. Ebla akavuta kiti, akakaa katikati yao, akangoja wamalize.