Sekunde Moja na Nusu

Walionipigia simu nirudi kiwandani hawakusema ni kwa nini. Kamau, fundi wa mitambo, aliniambia tu, "Bi Dhahabu, kuja kesho asubuhi, kuna kitu hatuelewi." Nikavuka feri nikaenda Changamwe. Nilikuwa nimekaa nyumbani Bofu mwezi na siku nne, na hata ningeitwa kufagia vyoo ningekwenda.

Kiwanda chetu hutengeneza viatu vya shule, vile vyeusi vigumu ambavyo kila mtoto wa pwani amewahi kuvichukia. Miaka kumi na tisa nilikuwa kwenye mashine ya kubana soli. Unaweka kiatu, unapachika soli iliyopakwa gundi, unaisawazisha kwa vidole, unatoa mkono, chuma cha moto kinashuka. Ukichelewa kutoa mkono, kinashuka vilevile. Aliyekuwa pale kabla yangu aliacha vidole viwili.

Siku niliyopata kazi ile, mama yangu, Bi Mwanamkasi, hakunipongeza. Aliniambia, "Usitie mkono penye chuma hicho bila bismillahi." Nikamtii. Kila kiatu nilisimama kidogo, nikaitamka kwa midomo tu, ndipo nikatia mkono. Vidole vyangu ninavyo vyote kumi.

Mwaka huu ukaletwa mkono wa chuma unaojiendesha wenyewe. Kamau alitueleza kwamba hauji ukiijua kazi, lazima kwanza umwone mtu akiifanya. Wakanichagua mimi, kwa sababu viatu vyangu ndivyo vilivyokuwa vikirudishwa kwa uchache kuliko vya wote. Nikafungwa ukanda mweusi kwenye kila kiganja, na kamera mbili zikanikodolea macho wiki tatu. Mapenzi, shoga yangu wa mashine ya pili, alinicheka mpaka akachoka. "Harusi ya nani hiyo, na wapiga picha wote hao?" Siku ya pili nikaenda na mtandio mpya. Mjinga mimi.

Wiki ya nne tulipewa barua za kuachishwa kazi watu ishirini na wawili. Mapenzi walimbakisha kwenye kufungasha. Nilisoma yangu, nikaikunja, nikaenda kunawa mikono. Niliungoja uchungu uje, haukuja. Tangu siku ile naungoja.

Basi nikamkuta Kamau pale pale nilipokuwa nikisimama mimi, pamezungushiwa wavu wa njano. Mkono ulikuwa kazini. Ulichukua soli, ukaipeleka kwenye kiatu, na kabla haujaingia chini ya chuma ukasimama. Kisha ukaingia. Kiatu cha pili, vilevile.

"Umeona?" akasema Kamau. "Sekunde moja na nusu, kila kiatu. Nimeangalia programu yote sioni kosa. Nikarudi kwa video zako, nikapata ni wewe. Unasimama, halafu mdomo unacheza kidogo."

Nikautazama. Ulisimama vizuri kuliko nilivyowahi kusimama mimi, bila kuchoka wala kupiga chafya.

"Ni ya gundi?" akauliza. "Unangoja ishike?"

Akasogea karibu, akashusha sauti. Si mtu mbaya Kamau, ana mama yake Murang'a na humpigia simu kila jioni. "Mama, wacha nikwambie wazi. Kama ni ya gundi, naandika tunahitaji mtu anayejua gundi akae hapa na hii mashine. Huyo mtu ni wewe, unaanza kesho. Kama si ya kazi, wamesema niitoe."

Mapenzi alikuwa akipita na kigari cha maboksi. Alisimama nyuma yangu akajifanya anafunga kamba. "Sema ni gundi, shoga," akaninong'oneza. "N'nani atakayejua?"

Kweli, hakuna ambaye angejua. Na urongo si mgeni kwangu, nimewahi kumzika shangazi yule yule mara mbili ili nipate ruhusa. Kazi niliitaka. Mama hana mwingine ila mimi, na mimi kukaa nyumbani sijui. Nikafungua mdomo niseme gundi. Lakini ingekuwa ni kuliita jina la Mwenyezi Mungu gundi, na ulimi ukakataa kunyanyuka.

"Ni bismillahi," nikasema.

"Ati?"

"Nilikuwa nasema bismillahi, nisiungue. Ni ya vidole vyangu." Nikauonyesha ule mkono. "Huo hauna vidole vya kuungua."

Kamau akaugeukia mkono. "Kwa kiatu haifanyi kitu?"

"Kwa kiatu, wallahi, haifanyi kitu."

Akatoa kompyuta yake ya mkononi, akagusa kioo mara mbili tatu. Mkono ukatulia, kisha ukaanza upya. Ukachukua soli, ukapeleka, ukaingia. Haukusimama tena. Nilihesabu viatu saba, nikaacha.

"Pole, mama," akasema.

"Nimeshapoa," nikajibu, nikaondoka. Mapenzi hakuniaga. Alikuwa amenikasirikia, na ana haki yake.

Nilifika nyumbani baada ya adhuhuri. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wamekurudisha?"

"Hapana."

"Walikuitia nini basi?"

"Walikuwa na swali."

Alipakua wali na mchuzi wa papa, akaweka sinia katikati, tukakaa mkekani. Nikanawa, nikamega tonge, nikalitia kinywani, nikamega la pili. Mama alikuwa ameuweka mkono wake juu ya sinia, hajagusa, ananitazama.

"Dhahabu," akasema, "hukusema bismillahi."

Aliyesahau bismillahi mwanzo ana maneno yake ya kusema katikati ya chakula, niliyajua tangu chuo cha Kurani. Nilikuwa nayo pale pale mdomoni. Nikatafuna, nikameza, nikamega la tatu.