Zamu ya Kuitikia Damu

Jumamosi saa mbili na nusu asubuhi mtaalamu wa maabara alikuwa akifuta meza kwa dawa ya klorini, kwanza upande wa mkojo, kisha upande wa damu, kama alivyofanya kwa miaka tisa, chupa moja ndani ya friji ilipopiga hodi. Hakugeuka. Alisuuza kitambaa, akakikamua, akakitandaza ukingoni mwa sinki. Chupa za friji lile zilianza kupiga hodi mwezi wa pili, na sasa ulikuwa wa saba. Anayekaa jirani na kinu cha kusaga hushtuka siku kinaponyamaza.

Zilikuwa chupa za damu za wanaume, wengi wao watu wazima wenye wajukuu. Waliamka mara tano kila usiku kwenda kukojoa, na wakifika huko walisimama wakisubiri kama watu waliopanga foleni. Daktari wa chumba namba sita aliwaandikia kipimo cha tezi dume, wakatolewa damu, wakaambiwa warudi baada ya siku tatu. Majibu ya kipimo hicho ni namba. Ikiwa chini ya nne, mara nyingi mtu huambiwa aende nyumbani. Ikipanda, huanza safari ya vipimo vingine. Namba hutolewa na mashine moja ya kijivu iliyokaa pembeni mwa friji, na mashine hiyo ilikufa mwezi wa kwanza. Mkuu wa maabara aliwaandikia wakubwa wake barua. Akajibiwa kwamba mashine ile ni mpya, na mashine mpya haifi. Aliandika ya pili, akaletewa nakala ya jibu la kwanza.

Mkuu hakuwa mtu mbaya. Hilo lisemwe mapema, maana watu hupenda kutafutiwa mbaya wao ili wapumzike. Alikuwa mtu wa kuogopa kelele tu. Aliwaita wafanyakazi wake wawili, akafunga mlango, akawaambia waandike namba za kawaida mpaka mashine itakapopona.

"Lakini msiwape wote namba moja," alisema. "Huyu mpeni moja nukta nane, yule mbili nukta sita. Watu wana macho."

Damu zenyewe zingehifadhiwa, zipimwe siku mashine ikiamka. Kwa hesabu za Mkuu hakuna aliyekuwa anadanganywa. Ukweli ulikuwa umechelewa kidogo, basi.

Hapo ndipo hodi zilipoanza. Kila chupa ilibisha kwa sauti ya mwenye damu: nyingine nene, nyingine ya kukwaruza, moja ya mwalimu wa dini aliyetanguliza salamu ndefu. Mkuu aliagiza friji livikwe blanketi kuukuu kutoka wodini. Wagonjwa waliokaa kwenye benchi ukumbini waliendelea kuzisikia kwa mbali, na kila wakisikia walisogea kidogo kumpisha anayekuja.

Aliyegundua utaratibu wake alikuwa mfanyakazi wa pili, mama mnene aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu, ambaye hospitali nzima ilimwita Shangazi. Alikwenda mochwari ng'ambo ya ua, akaomba daftari, akalinganisha majina.

"Hodi ni tatu, kama kwa watu," alisema aliporudi. "Chupa inabisha leo, inabisha tena baada ya wiki mbili tatu, halafu ya mwisho siku yoyote. Wewe ukibisha mara tatu usiitikiwe, unafanya nini?"

"Naondoka."

"Na wao wanaondoka. Wiki hiyohiyo. Wote wako kwenye daftari."

"Sasa mbona hatuwaitikii, Shangazi?"

"Ukishasema karibu, mwanangu, lazima ufungue mlango. Sisi tuna mlango gani hapa?"

Basi hawakuitikia. Waliwasha redio.

Jumamosi hiyo, kitambaa kikiwa bado kinachuruzika maji, chupa ile ilirudia hodi yake ileile, safari hii maneno yakisikika. Kwanza ilisafisha koo. Kisha ikasema, "Hodi wenyewe."

Mtaalamu aligeuka. Duniani alimjua mtu mmoja tu aliyekohoa kwanza ndipo akasema hodi wenyewe, hata mlangoni kwake mwenyewe, naye ni baba mkwe wake.

Alifungua friji, akazipekua chupa. Aliyoipata ilikuwa na jina la kaka mkubwa wa baba mkwe, mtu aliyezikwa miaka kumi na moja iliyopita. Akafungua daftari la mapokezi. Damu ilitolewa mwezi wa nne, siku ambayo yeye hakuwa kazini, na hapo akaelewa yote. Mzee wa watu asingeweza kukubali mke wa mwanawe ajue kwamba anasimama chooni mpaka magoti yanauma. Kati ya mtu na mkwewe kuna mambo ambayo ni afadhali kufa nayo. Kwa hiyo alivizia siku mkwe yuko likizo, akaazima jina kwa mtu asiyelihitaji tena.

Kwenye safu ya majibu iliandikwa mbili nukta nne. Sahihi iliyokuwa mbele yake ilikuwa ya mtaalamu mwenyewe. Aliikumbuka hata siku yenyewe. Aliandika kwa mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika kikombe cha chai, na jina alipoliona alisema moyoni kwamba majina hufanana.

"Hiyo ilishapiga ya kwanza wiki mbili zilizopita ulipotoka kidogo," alisema Shangazi. "Leo ni ya pili."

Mtaalamu aliizungushia chupa pamba, akaitia ndani ya boksi tupu la glovu, akaliweka boksi ndani ya mkoba wake. Hakuwa na mpango wowote. Aliogopa tu kwamba ya tatu ingepigwa Jumapili, maabara ikiwa imefungwa, na blanketi juu. Shangazi alitazama pembeni, akaongeza sauti ya redio.

Baba mkwe alikuwa mpima ardhi mstaafu. Mtaani walimwita Mzee Futi, na majirani waliogombana mipaka walikuwa bado wanamwita aje na kamba yake, kwa sababu katika miaka thelathini na minne hakuwahi kutaja kipimo ambacho hakukipima. Wakati mmoja alirudi mwendo wa siku nzima kwa miguu kupima upande mmoja wa kiwanja cha shule alioushuku. Waliomcheka siku hiyo ndio waliomletea viwanja vyao baadaye.

Jumapili baada ya chakula cha mchana alikuwa amekaa sebuleni kwake juu ya mito miwili, akisoma gazeti. Alikuwa ameshatoka kwenda uani mara tatu, kila mara akisema anaangalia kuku, na nyumba ile haikuwa na kuku. Suruali ilimpwaya. Mama mkwe alikuwa jikoni akiosha vyombo. Mtaalamu, aliyekuja kuwasalimu, alikaa kiti cha mlangoni, mkoba miguuni, akihesabu pumzi zake.

Ndani ya mkoba mtu alisafisha koo. "Hodi wenyewe."

"Karibu!" aliitikia Mzee Futi bila kuinua macho kwenye gazeti, kama mwenye nyumba yeyote mwenye adabu zake.

Hakuna aliyeingia. Mzee aliutazama mlango, kisha akautazama mkoba.

"Ile sauti ni yangu," alisema.

"Ndiyo, Baba."

Akaitoa chupa, akaiweka mezani juu ya kitambaa cha kufuma. Damu ilikuwa imetulia, kama mtu aliyeonyeshwa kiti. Mzee Futi alivaa miwani, akasoma jina la kaka yake, akavua miwani. Akatia mkono mfuko wa shati, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, iliyoanza kuchanika kwenye mikunjo.

"Hapa umeniandikia mbili nukta nne. Ilipimwa?"

Mtaalamu angeweza kusema ndiyo. Alikuwa amekwisha kusema ndiyo kwa watu wengi.

"Hapana, Baba."

"Umeandika kipimo bila kupima."

Hakulisema kwa ukali. Ingekuwa nafuu angegomba. Alikuwa amefadhaika tu.

"Sikutaka ujue nimekuja," aliendelea. "Lakini nilipoona sahihi ni yako, nilisema, aa, huyu mtoto wa kwangu, hawezi kunipunja. Nikalala. Wiki ile nililala vizuri sana, mwanangu."

Mtaalamu alipiga magoti, akashika miguu ya mkwewe na kulia kimyakimya ili jikoni wasisikie. Mzee alimwacha alie, kisha akamgusa begani kwa ncha ya vidole, kwa sababu ya heshima.

"Nyanyuka. Mama yenu asijue. Nipeleke wanakopima kweli."

Palikuwa mbali, na ilibidi wangojee si siku moja bali tatu. Mashine ya huko ilikuwa hai. Ilinguruma, ikazungusha, ikatema karatasi. Namba ilikuwa mia mbili na kumi na mbili. Daktari wa huko, kijana mwenye sauti ya upole, aliisoma mara mbili, akamwomba mzee ageuke, akambonyeza uti wa mgongo. Mzee Futi, ambaye hakuwahi kulia mbele ya mtu, alitoa sauti. Picha za mifupa zilipokuja, daktari alizishika dhidi ya mwanga wa dirisha na kuwaonyesha madoa.

"Imeshaingia kwenye mifupa," alisema. "Kuna sindano za kuipunguza mwendo. Kuitoa yote, hapana, Mzee. Mwezi wa nne pengine tungekuwa tunaongea mengine." Halafu akaiona karatasi ya zamani mezani. "Hii mbili nukta nne nani aliandika?"

Mzee Futi aliichukua, akaikunja mara nne, akairudisha mfukoni.

"Fundi mmoja wa huko kwetu," alisema. "Hakuwa na kamba."

Fundi mwenyewe alikuwa kiti cha pili, akitazama viatu vyake. Alitamani mzee amtaje. Kulindwa na mtu uliyemuua nusu ni adhabu isiyo na siku ya kumalizika.

Walipokuwa nje mzee aliuliza, "Mle ndani ya friji wamebaki wangapi?"

"Themanini na watatu, Baba."

"Na wote wana karatasi?"

"Wote."



Siku ya kurudi kazini mtaalamu alinakili namba za simu kutoka kwenye daftari la mapokezi. Wa kwanza aliyempigia alikuwa fundi seremala. Alimweleza, polepole, kwamba damu yake haikuwahi kupimwa na atafute hospitali nyingine haraka. Seremala alisikiliza mpaka mwisho.

"Dada, mimi nina karatasi yenye muhuri," alisema. "Wewe una nini?"

Akakata simu. Wa pili alimtukana. Wa tatu alikuwa mochwari.

Hapo akaingia ofisini kwa Mkuu, akaweka karatasi ya kweli mezani, akasimulia yote, kuanzia hodi mpaka mifupa. Akasema yeye haandiki tena namba ya uongo, hata afukuzwe. Mkuu aliguswa kweli. Alivua miwani, akafuta macho, akamuuliza hali ya mzee na akampa pole za moyo. Kisha akavaa miwani tena.

"Ulisema ile chupa, baada ya kuambiwa karibu, ilinyamaza?"

"Ilinyamaza."

"Kabisa? Mpaka leo?"

"Mpaka leo."

"Ahsante sana," alisema Mkuu. "Umenisaidia kuliko unavyojua."

Kesho yake kwenye mlango wa maabara palikuwa na tangazo lililopigwa chapa na kugongwa muhuri: zamu ya kuitikia. Atakayekuwa zamu atakaa karibu na friji tangu kufunguliwa mpaka kufungwa, na kila chupa itakapobisha ataitikia karibu, kwa sauti ya kawaida, bila kuchelewa. Jina la mtaalamu lilikuwa la kwanza. Blanketi lilirudishwa wodini. Mkuu aliandika barua ya tatu kueleza kwamba tatizo la kelele limekwisha, na barua hiyo ilijibiwa ndani ya siku mbili, kwa pongezi.

"Mkuu, nilisema siandiki," alimkumbusha mtaalamu.

"Na huandiki. Wewe unaitikia. Kuandika ataandika Shangazi."

Shangazi alikuwa anachonga kalamu. Hakuinua uso.

Mtaalamu alisimama mbele ya friji na mkoba wake begani, tayari kuondoka. Angeondoka kweli. Lakini chupa ya safu ya juu ilibisha, nayo ilikuwa ya mwalimu wa dini, na yeye alijua kwamba hiyo ni ya tatu. Hakuna aliyejua mtu aliyeitikiwa hukaa muda gani. Pengine mwaka, pengine mwezi. Muda wa asiyeitikiwa waliujua. Mwalimu alimaliza salamu zake ndefu, akangoja.

"Karibu," alisema mtaalamu.

Chupa ikanyamaza. Akaweka mkoba chini, akavuta kiti. Mpaka saa sita alikuwa ameitikia mara kumi na tisa, na kila moja ilinyamaza papo hapo, kwa imani, kama mgeni aliyeambiwa mwenyeji yuko njiani. Woga wake haukupungua hata chembe. Upande wa pili wa meza Shangazi aliandika moja nukta tisa, mbili nukta tatu, tatu nukta moja. Ukumbini wanaume walipokea karatasi zao dirishani, wakazisoma wakiwa wamesimama, wakashukuru, wakaenda nyumbani kulala.